Nani anamsikiliza mshauri wa kijijini?

Najua nimekuwa adimu, si mnajua tena mambo ya mitihani ya mwisho wa semesta. Sasa imeisha, boom limeingia na limeshayeyuka, kwa hiyo kilichobaki ni kuandika. Wiki hii mnivumilie, maana sitaandika vituko vya bwenini. Nataka kuandika historia kidogo, na sio ile ya kukariri tarehe ukamwage kwenye karatasi ya mtihani. Ni historia ya kazi ambayo wengi wetu wa Ualimu tutakabidhiwa siku si nyingi, hata kama hatukuiomba: kuwa mshauri katika shule ya kijijini.

Kilichonichokoza ni semina moja ya ushauri nasaha. Tulipewa swali: kwa nini walimu washauri hawadumu vijijini? Makundi yote yalijibu yale yale. Mshahara mdogo, hakuna nyumba, maji mbali, mtandao mpaka upande mlimani. Mimi pia nilijibu hivyo na sijabadilisha kauli, hayo yote ni kweli. Lakini niliporudi maktaba nikaanza kujiuliza swali la kinyume chake. Kuna washauri waliokaa vijijini maisha yao yote? Wapo, tena wengi. Sasa hao walibakizwa na nini?

Tuanze na wa zamani kabisa.

Kabla shule haijafika, watu wa pwani na kusini mwa nchi yetu, Wazaramo, Wayao, Wamakonde, Wamwera na wengineo, walikuwa na washauri wao. Wasichana walipita unyago na wavulana jando. Kungwi ndiye aliyefundisha, na binti alikuwa na somo wake, mwanamke mzima aliyemshika mkono tangu uwali mpaka ndoa, na hata baada ya hapo akipata matatizo alirudi kwake. Wanaocheka makungwi wakumbuke kwamba kichen pati mnazochangishwa kila mwezi huko mjini ni wajukuu wa jambo hilo hilo, na yule mama anayepewa maiki aseme na bibi harusi bado tunamwita somo.

Ukiangalia kwa jicho la mwanafunzi wa ualimu, mpango ule ulikuwa umekaa vizuri. Kungwi hakuanza peke yake. Alianza kwa kumfuata aliyemtangulia, akabeba, akaona, akaimba, miaka ikapita ndipo akaachiwa mwali. Juu yake alikuwepo nyakanga, yaani mkuu wa makungwi, ambaye jambo likimshinda kungwi lilipelekwa kwake. Malipo na zawadi vilikuwepo. Heshima ilikuwepo. Na kubwa zaidi, makungwi walikuwa wengi na walikutana kazini, msimu kwa msimu. Hakuna kungwi aliyebeba siri za kijiji kizima kifuani peke yake.

Sisemi turudishe kila kitu. Yapo mafunzo yaliyowatoa mabinti shuleni wakaolewa wangali wadogo, na kwenye mila za mikoa mingine kulikuwa na ukeketaji, ambao sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 imeufanya kuwa kosa kwa wasichana wa chini ya miaka 18. Ninachosema ni kwamba mpango wa kumlea mshauri tulikuwa nao kabla hatujaletewa vitabu vya saikolojia.

Hata wamisionari kuna walioliona hilo. Kituo cha Masasi kilianzishwa na misheni ya UMCA mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipopeleka huko kundi la watu waliookolewa utumwani. Wamisionari wengi waliliona jando kama upagani wa kupigwa marufuku. Lakini Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926, alikwenda njia nyingine. Alilichukua jando akalipa sura ya Kikristo, mapadri na walimu wa Kiafrika wakiwa ndani yake. Wataalamu wa historia wamelibishania sana jaribio hilo, na kwa upande wa wasichana lilikuwa gumu zaidi kuliko kwa wavulana. Mimi kinachonivutia ni wazo lenyewe: Lucas alijua huwezi kuleta mafundisho mapya kijijini ukawaacha nje watu ambao kijiji kimezoea kuwaendea.

Sasa turuke mpaka baada ya uhuru. Mwaka 1967 tukapata Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea. Novemba 1974 chama cha TANU kikakaa Musoma na kuamua watoto wote waanze shule ya msingi ifikapo 1977. Kazi ikawa moja: walimu watatoka wapi? Vyuo visingetosha hata kidogo. Ndipo ukaja mpango wa kufundisha walimu wakiwa kazini, uliokwenda kuanzia 1976 hadi 1984. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakawa wanafundisha huku wanajifunza, kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio na kwa kukutana na mkufunzi uso kwa uso. Waliofuzu kwa njia hiyo walikuwa zaidi ya 35,000.

Walimu hao walitaniwa mno, "mwalimu wa UPE" likawa tusi. Na kweli elimu yao ilikuwa fupi. Lakini tusome pia upande wa pili wa shilingi. Walifundishwa kijijini, wengi karibu na kwao, na kulikuwa na mtu aliyekuja kuwaona na wenzao wa kujifunza nao. Kijijini mwalimu huyo hakuwa wa ubao tu. Jioni alifundisha kisomo cha watu wazima, akaandikia watu barua, akaamua ugomvi, akaitwa mtoto akigoma shule. Ushauri ulikuwa ndani ya kazi yake bila kuitwa ushauri. Halafu uchumi ukaanguka. Mafuta yalipanda bei, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala hazina, na mwanzoni mwa miaka ya 80 hata chaki ilikuwa shida. Mpango ulipoisha, mwalimu alibaki, ila yule wa kuja kumwona akazidi kuwa nadra.

Sasa tunafika kwenye kipindi kilichotuzaa sisi. Ada ya shule za msingi ilifutwa, na kuanzia 2002 madarasa yakafurika. Mwaka huo huo wa 2002 wizara ikatoa Waraka Na. 11 wa kuanzisha huduma za ushauri na unasihi shuleni. Kwenye karatasi ilikuwa hatua kubwa sana. Hata kitabu cha kufundishia tulikuwa nacho, maana Profesa Biswalo alishaandika cha kwake kuhusu ushauri katika mazingira ya Kiafrika mwaka 1996, na sisi mpaka leo tunakidesa.

Kisha ikaja mbio ya shule za kata. Mwaka 2004 nchi ilikuwa na shule za sekondari 1,291. Mwaka 2009 zilikuwa 4,102. Hebu someni tena hizo namba. Ndani ya miaka mitano zimezidi mara tatu! Wanafunzi walipatikana, majengo yakapatikana kwa nguvu za wananchi, walimu ndio wakawa kasheshe. Wakachukuliwa waliomaliza kidato cha sita, wakapewa mafunzo ya wiki chache na leseni, mtaani wakaitwa "voda fasta". Vyuo vya DUCE na MUCE vilianza 2005 na UDOM mwaka 2007, kwa hiyo hata viti tunavyokalia sisi leo vimetokana na njaa ile ya walimu.

Sasa jiulizeni, katika shule mpya iliyojengwa pembeni ya kata, yenye walimu wachache na wote wageni, waraka wa mshauri ulitekelezwaje? Katika shule nyingi mkuu wa shule aliangaza macho kwenye chumba cha walimu, akamwona mwalimu wa kike au kijana aliyesoma saikolojia, akasema wewe utashika malezi. Vipindi vyake vikabaki pale pale. Chumba cha kuongelea na wanafunzi hakuna, watakaa chini ya mti ambapo shule nzima inawaona. Na wakati mwingine anayeshika ushauri ndiye anayeshika na nidhamu. Kanuni zetu tangu 2002 zinaruhusu mpaka viboko vinne kwa idhini ya mkuu wa shule. Sasa wewe mtoto wa miaka 15 utamfungulia moyo mtu ambaye jana alikuwa na fimbo?

Wenzetu wa Kenya walianza mapema kidogo. Wizara yao ya elimu ilikuwa na kitengo cha ushauri tangu 1971, na mwaka 2001 viboko vikapigwa marufuku, walimu wakaambiwa watumie ushauri badala yake. Ila kule nako mshauri ni mwalimu mwenye vipindi, anashauri wakati wa mapumziko. Kumbe tatizo halina mpaka.

Hapa naomba niseme habari ya mtu mmoja. Ameniruhusu niandike bila kutaja jina wala mkoa.

Nina dada yangu mmoja, tulikaa chumba kimoja nikiwa mwaka wa kwanza, yeye wa tatu. Ndiye aliyenifundisha kupiga msuli bila kulala na vitabu kifuani. Sasa hivi ni mwalimu wa shule ya kata, mbali sana na kwao. Alishikishwa malezi mwezi wa kwanza tu baada ya kuripoti. Na huyu dada nyumba anayo, tena ina sola. Maji yapo jirani. Wanakijiji wanampenda, msimu wa mahindi hanunui unga. Kwa majibu yetu ya semina, huyu alipaswa kuwa ameridhika kabisa.

Lakini ameandika barua ya kuomba uhamisho. Nilipompigia kumuuliza, aliniambia kwamba kwa mwaka mmoja ameshasikia mambo ya watoto ambayo hawezi kuyasema chumba cha walimu, hawezi kuyasema kanisani, na mengine akiyasema mtoto ndiye atakayeumia. Mengine ameyapeleka panapostahili kisheria, na tangu hapo kuna ndugu wa mtoto wanaompita njiani bila kumsalimia. Tangu ateuliwe hajawahi kuulizwa na mtu yeyote anaendeleaje na kazi hiyo. Anaulizwa tu idadi, kwa ajili ya ripoti. Akasema, "Mdogo wangu, mimi nikimaliza kusikiliza, naenda kumwambia nani?"

Nilinyamaza, maana sikuwa na jibu. Na nikaona kwamba hata kungwi wa karne iliyopita alikuwa na jibu la swali hilo.

Kuna watu kwenye historia ya karibuni waliolijibu pia, na hawako mbali. Ugonjwa wa ukimwi ulipowakumba Uganda, Noerine Kaleeba alifiwa na mume wake, na mwaka 1987 yeye na wenzake wakaanzisha TASO. Kikundi kile kilianza na watu ambao wengi walikuwa wameguswa na ugonjwa wenyewe, wakakutana wao kwa wao kutiana moyo, kisha ndipo kikawa shirika la kushauri maelfu. Kuwategemeza washauri lilikuwa jambo lililotangulia huduma yenyewe.

Kwetu hapa, mtandao wa vituo vya Angaza ulianza 2001 chini ya AMREF, na jina "mshauri nasaha" likazoeleka midomoni. Tarehe 14 Julai 2007 Rais Kikwete na mama Salma wakapima hadharani Dar es Salaam, kampeni ya nchi nzima ikaanza. Katika ushauri wa aina ile kulijengeka desturi ambayo shuleni hatunayo. Washauri wanakutana na mwenzao mzoefu, wanazungumza kesi bila kutaja majina, wanatua mizigo. Sio ukaguzi. Hakuna anayekuja na faili kutafuta kosa. Ni kukaa na mtu anayeijua kazi, ukamwambia hii imenishinda, na hii imenifanya nisilale. Tatizo lake lilikuwa moja, kwamba vitu vingi vilitegemea fedha za wafadhili, na mradi ukiisha na kikao kinaisha.

Zimbabwe nako kuna kisa kizuri. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare. Hakuwa na chumba wala wauguzi wa kumtosha, akawakalisha bibi kwenye benchi nje ya kliniki. Mtu mwenye mawazo mengi anakaa na bibi, anasikilizwa, wanatafuta njia pamoja. Mwaka 2016 utafiti wao uliofanyika kwenye kliniki 24 za Harare ulitoka katika jarida kubwa la madaktari la Marekani, ukaonyesha kwamba waliokaa na bibi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Baadaye benchi zikatoka mjini zikafika na vijijini. Tazameni walivyochagua: bibi ni mwenyeji, haombi uhamisho. Lakini pia hawakumwachia benchi wakaondoka. Bibi alifunzwa, akawa na msimamizi, na nyuma ya msimamizi akawepo daktari kwa kesi nzito. Ni kungwi na nyakanga wake, ila sasa kwa jina la utafiti!

Kwa nini nasema haya sasa na sio mwaka kesho? Kwa sababu mzigo umeongezeka. Novemba 2021 serikali ilitangaza, na Waraka Na. 2 wa mwaka huo ukafuata, kwamba wanafunzi walioacha shule, wakiwemo mabinti waliopata ujauzito, wanaweza kurudi. Mimi nililifurahia sana jambo hilo. Lakini binti anayerudi akiwa amemwacha mtoto kwa bibi yake anahitaji mtu wa kuzungumza naye, tena sio siku moja. Mradi wa SEQUIP ulioidhinishwa 2020 nao ulitaka kila sekondari iwe na mshauri aliyepata mafunzo. Vizuri sana. Ila mafunzo ya siku chache halafu ukarudi kijijini peke yako ni kama kupewa jembe bila mpini.

Maoni yangu ni haya, na nyie wadau mnikosoe.

Kwanza, walimu washauri wa kata jirani wakutane angalau mara moja kwa mwezi. Vituo vya walimu vipo, na mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, huu wa MEWAKA, tayari unataka walimu wakutane wajifunze pamoja. Hakuna haja ya kujenga kitu kipya, ni kuongeza kiti cha ushauri kwenye meza iliyopo. Pili, anayeshika ushauri apunguziwe vipindi, na asishike fimbo. Tatu, vyuo vyetu visituage siku ya mahafali kama vile vimetuzika. Mhadhiri aliyetufundisha ushauri miaka mitatu anaweza kuwa msimamizi wetu kwa simu. Na nne, tukifika kijijini tuwatafute wazee, makungwi, viongozi wa dini na mama wa vikoba, tuwajue kabla tatizo halijatokea. Wao wana ukaazi, sisi tuna mafunzo.

Nyumba na posho ya mazingira magumu tuendelee kuvidai, sijasema tuache. Ninachosema ni kwamba nyumba inakupa mahali pa kulala, ila haikuondolei ulichokisikia mchana.

Kwa upande wetu, mimi na wasichana wengine wawili wa chumba kile tumeanza kitu kidogo. Kila Jumamosi saa mbili usiku tunampigia dada, na mhadhiri mmoja amekubali kuingia kwenye simu hiyo mara mbili kwa mwezi. Majina ya watoto hayatajwi kabisa. Tumefanya hivyo mara tano mpaka sasa. Mara ya kwanza dada alilia tu, hatukuzungumza kesi yoyote. Mara ya tano alituuliza sisi maswali, akatucheka majibu yetu ya kitabuni, akatufundisha vitu ambavyo hakuna semina imewahi kutufundisha.

Barua ya uhamisho bado haijatumwa. Anasema ameiweka katikati ya azimio la kazi na ataamua shule zikifungwa Disemba. Akiamua kuondoka sitamlaumu hata kidogo, na Jumamosi tutaendelea kupiga simu popote atakapokuwa.

Ombi langu kwenu: mliosoma shule za kata, niandikieni nani alikuwa mshauri wenu na kama bado yuko pale. Na mliokwishaajiriwa mkashikishwa malezi, semeni, nafasi kwenye simu ya Jumamosi ipo.

Nawasilisha.